Cherehani na Vyombo Vyake: Maelezo kwa Anayeanza Kushona

Jirani mmoja wa mwandishi wa makala hii aliuza mbuzi wawili na magunia kadhaa ya mahindi, akanunua cherehani ya miguu. Nia yake ilikuwa kuwashonea watoto wa kijiji chake sare za shule kabla ya Januari. Juma la kwanza mashine ilikwenda vizuri. Juma la pili sindano ilivunjika, akatia nyingine, na tangu saa ile cherehani ikakataa kazi. Uzi ulikatika kila mara, mishono ikaruka, na upande wa chini wa kitambaa nyuzi zikasongamana kama kiota cha ndege. Akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi huyo aliifungua yote, akakaa nayo miezi miwili, akatoza fedha zake, akairudisha vile vile ilivyokuwa.

Mwishowe mama huyo alikwenda kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akishona barazani pa duka tangu ujana wake. Mzee akainama, akaitazama sindano, wala hakugusa kitu kingine.

"Mama, mashine yako haina ugonjwa," akasema. "Sindano umeitia kinyume."

"Ni hiyo tu, Mzee?"

"Ni hiyo tu."

Akalegeza skrubu, akaigeuza sindano, akaikaza, akashona kipande cha bafta mbele ya macho yake. Lakini Januari ilikuwa imekwisha kupita, na wazazi walikuwa wamekwisha kununua sare mahali pengine.

Habari hii haielezwi ili kumcheka mama huyo, kwa kuwa makosa kama yake hufanywa na watu wengi, wanawake kwa wanaume. Mtu huweka akiba muda mrefu apate mashine, na siku inapoingia nyumbani huona kwamba kazi kubwa imekwisha. Sindano, uzi, mafuta na chaki hununuliwa mwisho, kwa fedha zilizosalia, pasipo kuuliza neno. Walakini taabu nyingi za mwanzo hazitoki katika mashine. Hutoka katika vitu hivyo vya bei ndogo. Kwa hiyo yafaa anayetaka kuanza ajue kwanza mshono hufungwaje, kisha akusanye vyombo vyake kwa akili, kisha ajizoeze kwa karatasi na matambara kabla ya kugusa kitambaa cha mtu.

JINSI MSHONO UNAVYOFUNGWA

Sindano ya mkono ina tundu kwenye kichwa chake, na huvuta uzi mmoja nyuma yake. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha. Tofauti hiyo yaonekana kuwa ndogo, lakini iliwachukua wavumbuzi miaka mingi kuifikia. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine yake mwaka 1830. Ilishona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo, nayo ilitumika kushona nguo za askari katika karakana mjini Paris, hata washona nguo wa mji ule, wakiogopa kunyang'anywa riziki yao, wakaivamia karakana wakazivunja mashine. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alipewa hati ya mashine yenye tundu karibu na ncha ya sindano na nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mwaka 1851 Isaac Singer, naye wa Marekani, akapata hati yake. Kampuni yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwauzia watu cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, na ndiyo maana jina la Singer lilifika hata vijijini kwetu. Sisi tuliiita mashine hiyo cherehani, neno ambalo ni ndugu wa cherehe, lile gurudumu la kunolea visu.

Sasa tazama kinachotendeka chini ya kitambaa. Sindano hushuka na uzi wa juu, hupenya kitambaa, kisha huanza kupanda. Inapoanza kupanda, uzi haupandi pamoja nayo mara moja. Hulegea kidogo na kufanya kitanzi kidogo kando ya tundu. Hapo kulabu iliyo chini ya bamba huja ikakidaka kitanzi hicho, ikakipanua, ikakizungusha nje ya bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Kisha mkono wa kuvutia uzi, ule unaopanda na kushuka mbele ya mashine, huvuta uzi wa juu na kukaza. Nyuzi mbili zimekwisha kukumbatiana, na pindo lao lajificha katikati ya unene wa kitambaa. Hayo yote hufanyika mara moja kwa kila mshono, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata.

Aliyeelewa hayo ameelewa pia kosa la yule mama. Sindano ya cherehani ina mfereji mrefu upande mmoja. Uzi hulala ndani ya mfereji huo sindano inapopenya, usisuguliwe na kitambaa. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, pamechongwa kidogo. Hapo ndipo kitanzi hutokea, na hapo ndipo kulabu hupita. Sindano ikitiwa kinyume, kitanzi hutokea upande ambao kulabu haupiti. Kulabu huja mikono mitupu na kurudi mikono mitupu, nayo mishono huruka.

Mashine hazifanani zote. Kuna zinazotungwa uzi kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia, nyingine kutoka mbele. Lakini kanuni ni moja: mfereji mrefu uelekee upande ule ambao uzi unaingilia katika tundu. Sindano nyingi za mashine za nyumbani zina shina lenye ubavu bapa ili zisikae ovyo. Isukume juu hata igote, ndipo ukaze skrubu. Sindano isiyofika juu kabisa huleta taabu ile ile, maana kulabu hupita mahali pasipo na kitanzi.

KUCHAGUA MASHINE

Juu ya jambo hili hatutasema mengi. Cherehani ya mkono ni nyepesi na yabebeka, lakini mkono mmoja hushughulika na mpini wakati wote, ukabaki mmoja tu wa kuongoza kitambaa. Ya umeme ni ya haraka, pengine haraka mno kwa mwanafunzi, na umeme ukikatika kazi hulala. Kwa watu wengi wa mashamba, na hata wa mijini, ya miguu ndiyo bora: mikono yote miwili i huru, na mwendo hutii miguu yako.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, nenda na vipande vyako mwenyewe vya kitambaa, kimoja chembamba kama leso, kingine cha kaki kilichokunjwa mara nne. Usikubali kuonyeshwa kwa kipande cha muuzaji, kwa kuwa huyo amekwisha kukijua kinachopendwa na mashine yake. Zungusha gurudumu la mkono polepole, nawe usikilize. Lazima liende laini mzunguko mzima, lisikwame mahali wala kugonga. Shika chuma kinachobeba sindano ukitikise; kikicheza sana, mashine imechoka. Pitisha kidole juu ya tundu la bamba ambalo sindano hupitia. Likiwa limekwaruzwa na sindano zilizovunjika, litakukatia uzi kila siku, ijapokuwa bamba laweza kusuguliwa kwa msasa laini au kubadilishwa. Tazama meno yanayosukuma kitambaa, kama hayajalika. Hakikisha kwamba bobini na nyumba yake ya chuma zimo, tena ni za mashine ile ile, maana bobini za namna mbili huweza kufanana kwa macho na zisikubaliane kazini. Mwisho, dai stakabadhi yenye namba iliyochongwa kwenye mwili wa mashine. Mtu mwema hatachukizwa na ombi hilo.

VYOMBO VYA KUKUSANYA

Sindano ndizo za kwanza. Usinunue moja, nunua pakiti, na kabla ya kwenda dukani itoe ile iliyo katika mashine uende nayo, upate zinazolingana nayo kwa shina na urefu. Kwenye pakiti utaona namba mbili, kama 90 na 14. Ile kubwa ni unene kwa sehemu za mia za milimita, yaani sindano ya 90 ina unene wa milimita 0.9; ile ndogo ni hesabu ya zamani ya wenye viwanda. Kwa leso, bafta na vitambaa vyembamba tumia 80/12. Kwa marekani, mashati na magauni ya kawaida tumia 90/14. Kaki nzito na gabadini zataka 100/16, na nguo ngumu za jinzi 110/18. Fulana na vitambaa vinavyovutika vina sindano zao zenye ncha butu kidogo, lakini mwanafunzi asianze na vitambaa hivyo.

Sindano huchakaa. Baada ya kushona kama saa nane, ncha yake imekwisha kuwa butu, nayo huanza kusukuma nyuzi za kitambaa badala ya kupita kati yake. Utaisikia: hutoa mlio wa kugongagonga. Watu wengi huitumia sindano moja hata ivunjike, wakidhani wanaweka akiba. Lakini kabla haijavunjika imekwisha kuharibu kitambaa ambacho bei yake ingenunua pakiti nyingi za sindano.

Uzi nao usichaguliwe kwa rangi peke yake. Uvute kati ya mikono miwili. Ukikatika kwa urahisi, umekaa dukani mpaka umeoza, hasa ukiwa umeanikwa kwenye jua dirishani. Uinue kwenye mwanga. Ukiwa na manyoya na vifundo, utaziba tundu la sindano. Tunga uzi huo katika sindano unayokusudia, uushike umenyooka kwa mshazari. Sindano ikiteleza yenyewe hata chini, vimekubaliana. Ikikwama, uzi ni mnene mno au sindano ni nyembamba mno. Tumia uzi wa namna moja juu na chini. Kwa kuanza, nyeupe, nyeusi na rangi ya sare za shule ya jirani zatosha.

Bobini ziwe tano au sita, ili usilazimike kuondoa uzi mweusi kila utakapo kutia mweupe. Zijaze polepole na kwa usawa, wala zisifurike.

Mikasi iwe miwili, na hapa yafaa mwenye nyumba awe mkali. Mmoja ni wa kitambaa, mwingine ni wa karatasi na mambo mengine yote. Karatasi hutia ubutu upesi, na mkasi butu hautakati kitambaa bali hukitafuna. Siku utakapowakuta watoto wanakatia madaftari kwa mkasi wa kitambaa, ujue kwamba huo sasa ni mkasi wa karatasi. Ukitaka kuupima dukani, kata kitambaa kwa ncha yake. Ukikata safi mpaka mwisho wa ncha, ununue.

Futi ya kupimia ya kitambaa huvutika kwa miaka. Ilinganishe na rula ya mbao. Nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, nazo zimewaponza wengi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Mtu akipima kiuno upande mmoja na kuandika hesabu bila kutaja ni ya nini, atakata kaptura ambayo haitamfaa mtoto wala baba yake. Chagua upande mmoja, udumu nao. Mafundi wengi wa Kenya hupendelea inchi.

Chaki ya fundi ni bapa na yenye makali. Usipoipata, kipande chembamba cha sabuni kavu hufaa sana juu ya kitambaa cheusi, tena hutoka maji yanapogusa. Kalamu ya wino isikaribie kitambaa. Pamoja na hayo pata pini za kushikizia, sindano mbili tatu za mkono, kastabini ya kukinga kidole, wembe wa kufumulia, na bisibisi ndogo. Na pasi, hata ikiwa ya makaa. Mwanafunzi huidharau pasi kwa kuwa haishoni, lakini mshono usiopigwa pasi huonekana kazi ya mtoto hata ukiwa umenyooka.

Yabaki mafuta. Nunua mafuta ya cherehani yenyewe, yale meupe na mepesi kama maji. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya mashine huganda na kugeuka gundi. Mafuta ya gari yaliyokwisha kutumika yana uchafu wa chuma unaokula vyuma vingine. Kila kitundu kilichotobolewa juu ya mashine, na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, pataka tone moja, si kijiko. Kabla ya kutia mafuta ondoa bamba, usafishe kwa brashi ndogo vumbi la nyuzi lililojazana kati ya meno na kuizunguka nyumba ya bobini. Vumbi hilo hunywa mafuta yote na kugeuka tope. Baada ya kutia mafuta, shona kwanza tambara bovu hata doa lisionekane tena.

MAZOEZI YA KWANZA BILA UZI

Katikati ya gurudumu la mkono pana skrubu kubwa ya mviringo. Ukiilegeza, gurudumu huzunguka peke yake bila kushusha sindano. Basi siku ya kwanza ilegeze, weka miguu miwili juu ya kikanyagio, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, ujifunze kukanyaga tu. Anzisha gurudumu kwa mkono, ulizungushe likuelekee wewe, kisha miguu ifuate. Mara nyingi katika siku za kwanza litakuponyoka likazunguka kinyume. Kwa sasa halidhuru, lakini siku utakapokuwa na uzi, kuzunguka kinyume kutasokota uzi chini na kuukata. Endelea mpaka uweze kwenda polepole, kusimama unapotaka, na kuanza tena bila kurudi nyuma. Wengine huhitaji saa moja, wengine siku tatu. Hakuna aibu.

Kisha kaza ile skrubu, tia sindano kuukuu, usitie uzi. Chukua ukurasa wa daftari wenye mistari, uweke chini ya mguu wa kukandamiza kitambaa, ushone juu ya mstari. Matundu yatakuonyesha ukweli. Usitazame sindano, kwa maana inapanda na kushuka tu na itakuchosha macho. Tazama ukingo wa ule mguu na mstari ulio mbele yake. Mikono iongoze karatasi, isiivute. Kazi ya kuisogeza ni ya meno. Anayevuta huipinda sindano nayo hugonga bamba ikavunjika, na pengine ndivyo sindano ya jirani yetu ilivyovunjika.

Mistari ikinyooka, chora miraba. Ukifika pembeni, simamisha mashine sindano ikiwa imezama katika karatasi, inua mguu, geuza karatasi, shusha mguu, endelea. Kisha chora duara kubwa, halafu dogo. Aliyeweza kuzunguka duara dogo kama mdomo wa kikombe anaweza kushona shingo ya gauni. Ile sindano ya karatasi itupe au uifungie alama, usije ukaitia tena kwa kitambaa.

Sasa tia uzi. Kumbuka jambo moja ambalo halionekani kwa macho: inua mguu wa kukandamiza kabla ya kutunga uzi wa juu. Ukiwa umeinuliwa, vile visahani viwili vya kukaza uzi huachana, na uzi huingia kati yake. Ukiwa umeshushwa, uzi hukaa juu juu bila kukazwa, nacho kile kiota cha ndege hutokea chini ya kitambaa. Wengi wakikiona chini hulaumu bobini, kumbe kosa liko juu. Baada ya kutunga, shusha sindano mara moja kwa mkono ili iuvute uzi wa chini, uzishike nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya kwanza. Kila uanzapo na kila umalizapo, mkono wa kuvutia uzi uwe juu kabisa.

Shona tambara la marekani lililokunjwa mara mbili. Kitambaa hiki kilipata jina lake kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani walikileta Unguja katika karne ya 19, nacho kinafaa kujifunzia kwa sababu ni imara, hakitelezi, na kila kosa laonekana juu yake. Urefu wa mshono uwe kama mishono kumi au kumi na miwili kwa inchi; kwa kaki nzito minane. Geuza tambara utazame pande zote mbili. Vitanzi vikionekana chini, uzi wa juu umelegea. Uzi wa chini ukichungulia juu, wa juu umekazwa mno. Zungusha kifundo cha kukazia robo ya mzunguko tu, ushone tena, utazame tena. Usiiguse skrubu ndogo ya nyumba ya bobini mpaka umekwisha kujaribu mengine yote: tunga upya, badili sindano, safisha vumbi.

KAZI YA KWANZA YENYE FAIDA

Watu wengi hutaka kuanza na gauni au shati. Ushauri wetu ni kuanza na leso. Leso huuzwa doti moja, vipande viwili vikiwa vimeungana, na sharti ikatwe na kukungwa upindo kabla ya kuvaliwa. Kingo ndefu zimefumwa kiwandani, hazifumuki. Zilizobaki ni kingo nne fupi, kila moja kama yadi moja na robo, tena zote zimenyooka. Kitambaa ni pamba nyembamba isiyoteleza. Hakuna mkono wala kola, hakuna kipimo cha mwili wa mtu. Na kila mtaa una mwanamke mwenye doti mpya ambayo haijakungwa.

Kata katikati ya vipande viwili, ukifuata uzi mmoja wa kitambaa na si macho yako. Kunja ukingo robo ya inchi, upige pasi. Kunja tena robo ya inchi, upige pasi, ili ukingo uliokatwa ujifiche ndani. Piga bandi kwa mkono ikiwa huiamini mikono yako bado. Kisha shona karibu na ukingo wa ndani wa upindo. Mwanzoni na mwishoni rudi nyuma mishono michache. Mashine isiyorudi nyuma, geuza kitambaa, au funga nyuzi mbili fundo kwa mkono. Ukishona doti kumi za namna hiyo umeshona yadi hamsini za mstari ulionyooka, nawe umelipwa kujifunza.

Baada ya leso fuata foronya, kisha mfuko wa sokoni, kisha aproni. Kaptura ya mtoto ije baadaye. Njia nzuri ya kujifunza kukata ni kununua nguo kuukuu ya mtumba iliyoshonwa vizuri, kuifumua mishono yote kwa wembe, kuipiga pasi na kuiweka juu ya gazeti. Utaona kwamba mkono wa shati, ambao ukivaliwa ni kama bomba, ukilazwa ni umbo la kilima. Chora kuuzunguka, na tayari una kielelezo, pamoja na sehemu ya kushonea iliyoachwa na fundi asiyekujua.

Siku utakapoletewa kitambaa cha sare, kiloweke kwanza katika maji, ukianike na kukipiga pasi, kwa sababu pamba nyingi hupungua inapofuliwa mara ya kwanza. Afadhali ipungue kabla ya kukatwa kuliko baada ya mtoto kuivaa. Laza kielelezo sambamba na mtande, yaani nyuzi zinazofuata urefu wa jora. Suruali iliyokatwa mshazari hujipinda mguuni na hakuna pasi itakayoinyosha. Acha nusu inchi ya mshono kila upande, na upindo mpana wa chini, inchi mbili au tatu, uweze kushushwa mwaka ujao. Mzazi ataupenda upindo huo kuliko urembo wowote. Na ikiwa huna hakika na kipimo, mwite mtoto apimwe tena kabla ya kushika mkasi. Ni mwendo wa dakika chache tu, na kitambaa si chako.

Jioni, kazi ikiisha, weka kipande cha kitambaa chini ya mguu wa kukandamiza, ushushe mguu na sindano juu yake. Kitambaa hicho hunyonya tone la mafuta litakaloanguka usiku. Toa ukanda wa ngozi katika gurudumu kubwa la chini ikiwa kuna watoto wadogo, wasije wakabanwa vidole. Ukanda ukilegea kwa umri, kata kipande kifupi sana na uunganishe tena kwa ile pini yake ya waya. Funika cherehani kwa nguo, kwa sababu ya vumbi wakati wa kiangazi na kutu wakati wa mvua. Sindano zilizovunjika zihesabu vipande vyake vyote kabla ya kuzitupa, kwa maana kipande kilichopotea mara nyingi kimo ndani ya nguo ya mtu.